Gari la kubebea vifaa vya filamu: watoto wakae wapi?

Ilikuwa Jumapili jioni, tunarudi kutoka Bagamoyo. Baba watoto ni mtu wa taa kwenye tamthilia na filamu, na siku hiyo kazi ilikuwa ya ufukweni, nikaona niende na watoto wapunge upepo. Kurudi tulipanda wote kwenye Noah yetu. Yeye anaendesha, mimi mbele, watoto wawili kiti cha katikati, na nyuma yao vifaa vimepangwa mpaka usawa wa dirisha.

Tulipokaribia Kerege, mbuzi wakakatiza barabara. Alikanyaga breki kwa nguvu na gari likasimama vizuri. Vifaa havikusimama. Stendi moja ya taa, chuma cha kilo kumi, ilipita juu ya kiti cha katikati na kuchana sehemu ya kuegemeza kichwa upande wa mtoto mdogo. Yeye alikuwa ameufungua mkanda, amelala kichwa kikiwa mapajani kwa dada yake.

Bahati kama hiyo haipangwi. Usiku ule hatukulala. Asubuhi tulikubaliana jambo moja tu: Noah haitabeba tena vifaa na watoto kwa pamoja. Mengine yote tulibishana kwa miezi miwili.

Naandika haya kwa sababu najua hatuko peke yetu. Kazi ya picha imeingia kwenye nyumba nyingi. Kuna kijana anayerekodi harusi, binti anayepiga picha za matangazo, mume aliyepata kazi kwenye tamthilia. Vifaa vikiongezeka, gari la nyumbani ndilo linalogeuzwa lori. Baadaye kinakuja kikao cha familia: akiba itolewe, gari la kazi linunuliwe. Mzazi anayeombwa kuchangia mara nyingi haulizwi kuhusu gari lenyewe, anaulizwa kuhusu hela. Naomba, mzazi mwenzangu, uulize pia kuhusu gari.

Pima mzigo kwanza

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuanza na picha za magari kwenye simu. Kila jioni baba watoto alinionyesha HiAce nyeupe, ndefu, inang'aa. Akiba yetu ilikuwa milioni 19. HiAce aliyoipenda ilihitaji mkopo juu ya akiba hiyo, na ndani ya akiba hiyo kulikuwa na ada ya mtoto anayeingia sekondari.

Nikamwambia tuache magari, tutoe vifaa vyote nje. Tuliazima mizani ya duka la nafaka la jirani, tukapima kimoja kimoja kama tunapima mahindi. Stendi nzito nane, kilo 80. Mifuko 12 ya mchanga ya kuzuia stendi zisianguke, kilo 84. Maboksi sita ya taa, kilo 90. Nyaya na maboksi ya umeme, kilo 60. Jenereta, kilo 45. Vitambaa, fremu na ubao wa kurudisha mwanga, kilo 35. Boksi la kamera ambalo kameramani humwachia alibebe, kilo 30. Jumla kilo 424.

Yeye alikuwa akikadiria zaidi ya kilo 700. Mimi nilikuwa nikikadiria 200. Wote tulikosea, na ubishi ukapungua kidogo.

Baada ya uzito tukapima urefu. Hapa tafuta kitu kirefu kuliko vyote, maana hicho ndicho kinachoamua gari. Stendi nyingi zikikunjwa hazizidi mita moja na nusu. Lakini kuna reli za kamera, zile ambazo kigari cha kamera huteleza juu yake. Kipande kimoja kilichonyooka mara nyingi kina futi nane, yaani karibu mita mbili na nusu. Mwenye reli hizo kila siku anahitaji gari refu, hakuna njia ya mkato. Kuzifunga juu ya keria inawezekana, ila mvua ya ghafla na wezi wa kwenye foleni navyo viko barabarani.

Mwisho tulichora kwa chaki, kwenye sakafu ya uani, mstatili wa kila gari tulilolifikiria, tukapanga vifaa ndani ya mstari. Watoto walifurahi wakidhani ni mchezo. Mchoro ule haukutugharimu kitu, na ulituonyesha zaidi ya picha zote za kwenye simu.

Magari tunayoyaona barabarani

Noah na ndugu zake ni magari ya watu. Viti vyake vya nyuma ukivikunja unapata nafasi nzuri, na kijana anayeanza na kamera mbili na taa tatu hana haja ya kukimbilia kingine. Shida ni kwamba kati ya mzigo na abiria hakuna kizuizi chochote zaidi ya mgongo wa kiti, na sakafu yake haikutengenezwa kuburutiwa vyuma kila siku.

Kirikuu, ile Suzuki Carry ya kubebea mizigo midogo, ni rahisi kuitunza na inapenya uchochoroni. Lakini bodi yake ikiwa wazi, vifaa vya umeme vinalindwa na turubai tu. Kwa viti na mahema sawa, kwa taa na kamera hapana.

Toyota TownAce na LiteAce za umbo la van, zilizoanza kutoka mwaka 2008, zina injini ya lita 1.5. Kiti cha nyuma kikikunjwa, sehemu ya mzigo ina urefu wa karibu mita mbili, na watu wawili wakiwa mbele hubeba kilo 750 hivi. Gari zima lina urefu wa mita nne na kidogo, kwa hiyo linaegeshwa popote. Mlimani likiwa limejaa linalalamika, na mwendo mrefu wa mikoani unachosha.

Toyota HiAce ya umbo la sasa la Japani ilitoka mwaka 2004, na mpinzani wake mkubwa ni Nissan Caravan. Hapa ndipo penye nafasi ya kweli. HiAce ndefu ya mizigo, yenye viti vya mbele pekee, ina karibu mita tatu za sakafu na upana wa mita moja na nusu, na hubeba tani moja au zaidi kulingana na toleo. Reli za futi nane zinalala ndani bila kukunja kitu. Mlango wa kusukuma uko kushoto, upande wa ukingo wa barabara yetu, kwa hiyo unashusha mzigo bila kusimama mbele ya magari.

Lakini jihadhari na jina. Ziko HiAce za mizigo na ziko HiAce zenye viti vizuri vya nyuma. Hizo za viti vizuri, kiti kikiwa kimesimama, sehemu ya mzigo hubaki chini ya mita mbili. Anayekuambia "inabeba kila kitu na watu watano" muulize: kwa wakati mmoja?

Kuhusu mafuta, HiAce za petroli zina injini za lita 2.0 na 2.7, za dizeli nyingi ni 2.5 na 3.0. Dizeli ina nguvu ya kuvuta mzigo na hutumia mafuta kidogo safari ndefu. Ila baadhi ya zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina kichujio cha masizi kwenye njia ya moshi. Kichujio hicho hujisafisha gari likikimbia muda mrefu kwenye joto kubwa. Gari linaloishi kwenye foleni ya Mwenge na Ubungo halipati nafasi hiyo, kichujio huziba, na bili ya fundi huuma. Kama kazi zenu ni za ndani ya mji, petroli inaweza kuwa na amani zaidi hata kama inakunywa.

Hesabu kazi za miezi sita

Hili ndilo lililomaliza ubishi wetu. Nilimwomba baba watoto afungue ujumbe wa simu yake, tuandike kazi zote za miezi sita iliyopita, na pembeni ya kila kazi tuandike mzigo aliobeba.

Zilikuwa kazi 31. Kazi 26 zilikuwa za mzigo ule wa kilo 424 au pungufu. Tano tu ndizo zilizohitaji reli, jenereta kubwa na watu wa ziada, na katika hizo tano prodyuza mwenyewe alilipia usafiri.

Ina maana tulikuwa tunataka kuchukua mkopo ili tumiliki gari la kazi tano. Tukaamua kununua dogo kwa zile 26, na kubwa likodiwe likihitajika, gharama iandikwe kwenye bei ya kazi tangu mwanzo. Kijana wako akisema anahitaji HiAce, usimkatalie wala usimkubalie. Mwambie alete daftari. Ikiwa kazi 20 kati ya 30 zinataka reli, basi HiAce ni chombo chake cha kazi na anastahili kuungwa mkono.

Wavu ufungwe wapi?

Tulipokubaliana TownAce, nilidhani tumemaliza. Kumbe ubishi mkubwa ulikuwa mbele.

Nilitaka wavu wa chuma ufungwe nyuma ya viti vya mbele, mzigo wote ubaki nyuma ya wavu. Baba watoto akasema, "Mama, ukifanya hivyo kiti cha nyuma hakina kazi tena. Jumapili tutakwenda vipi kwa bibi yao?" Alitaka wavu uwe nyuma ya kiti cha abiria, watoto wapate pa kukaa.

Tulirudi kwenye mchoro wa chaki. Kiti cha nyuma kikisimama, nafasi ya mzigo ilipungua kiasi kwamba stendi zilibidi zipangwe mpaka juu, usawa wa vichwa vya watoto. Tulikuwa tumerudi kwenye Noah ileile, sasa yenye wavu.

Nikamkumbusha hesabu moja ambayo mwalimu yeyote wa fizikia atakueleza. Kitu kilicholegea ndani ya gari huendelea na mwendo uleule gari lilipokuwa nao. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, boksi la kilo kumi hulemea kilicho mbele yake kama mzigo wa kilo 200 hivi. Wavu mwepesi uliofungwa na skrubu mbili kwenye plastiki hauzuii kilo 200.

Kwa hiyo wavu uwe wa chuma, ushikwe na bolti kwenye mwili wa gari, na fundi aangalie kwanza asitoboe bomba la mafuta au waya. Sakafuni ziwepo pete za chuma za kufungia mikanda ya kukazia mizigo. Vizito vikae chini na mbele, vikigusa wavu, vyepesi juu. Mifuko ya mchanga iwe ya kwanza kuingia, isirushwe juu ya taa mwishoni kwa sababu watu wamechoka.

Jambo jingine ni viti vya kuchomelea. Utaona van ya mizigo imeongezwa benchi la chuma nyuma ili wasaidizi wapate pa kukaa. Kiti hicho hakina mkanda wa maana, na kikichomoka kinakuwa mzigo mwingine wenye mtu juu yake. Isitoshe, kadi ya gari na bima huandika matumizi na idadi ya abiria. Ukibadilisha kienyeji, siku ya ajali ndiyo siku ya maswali. Msaidizi aliyekaa juu ya maboksi naye ni mtoto wa mzazi mwenzako.

Na kiti cha mbele cha HiAce au Caravan si cha mtoto. Magari hayo yana pua fupi, miguu ya aliyekaa mbele iko karibu sana na bampa.

Wavu ulifungwa nyuma ya viti vya mbele. Gari letu la kazi halina mahali pa kumkalisha mtoto, na tulifanya hivyo makusudi.

Kabla ya kulipa

Kama mnaagiza nje, tumieni kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kabla ya kumtumia muuzaji hela. Gari la zamani linaweza kuonekana rahisi Japani, kisha ushuru wa uchakavu ukalipandisha likiingia bandarini. Bei ya kwenye picha ni mwanzo tu wa hesabu.

Kama mnanunua hapa nchini, linganisheni namba ya chesisi na kadi, na angalieni mtandaoni faini za trafiki zinazodaiwa kwa namba ya gari hilo. Jina libadilishwe kwenye kadi, usikubali maneno ya "tutabadilisha baadaye."

Nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji. Van nyingi zimefanya kazi ngumu kabla ya kufika kwako. Aingie chini akague kutu kwenye chesisi na mahali springi zinaposhikwa. HiAce nyuma ina springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka. Ikiwa upande mmoja umelala kuliko mwingine, ilibebeshwa kupita kiasi. Jaribuni gari likiwa na mzigo, hata wa magunia ya kuazima. Gari tupu huficha shokapu zilizokufa.

Angalieni matairi kwa macho yenu. Tairi la HiAce kutoka kiwandani huwa na maandishi kama 195/80R15 107/105. Namba hizo mbili za mwisho, zilizotengwa kwa mstari, ni za tairi la gari la mizigo. 107 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 975. Wapo wanaofunga matairi ya gari dogo yanayoingia kwenye ringi ileile kwa sababu ni ya bei nafuu. Yanaingia, ila hayabebi. Kiwango cha upepo kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Vinavyolala ndani ya gari

Gari la kazi likiingia uani, vifaa vyake vinaingia nyumbani. Betri za kamera na taa ni za lithiamu, na gari lililofungwa kwenye jua la Dar huwa tanuri. Zishushwe. Lakini zisichajiwe chumbani kwa watoto wala juu ya godoro. Ziwekwe kwenye sakafu ya saruji, mahali zinapoonekana, na iliyovimba isichajiwe tena.

Jenereta libebwe likiwa limepoa, koki ya mafuta imefungwa. Dumu la petroli lisikae ndani ya gari usiku. Na kamwe jenereta lisiwashwe ndani ya van hata milango ikiwa wazi: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua mtu akidhani amesinzia.

Usilaze vifaa garini ukitegemea vioo vyeusi. Tena ulizeni bima: bima kubwa ya gari kwa kawaida inalipa gari, si taa na kamera zilizomo. Vifaa vinahitaji bima yake. Sisi tulidhani kimoja kinafunika kingine, mpaka tuliposoma karatasi.

Nani anaendesha saa nane usiku?

Swali hili halimo kwenye tangazo lolote la gari. Kazi za filamu zinaisha usiku wa manane. Mtu wa taa ndiye wa kwanza kufika lokesheni na wa mwisho kuondoka, maana lazima akunje nyaya. Amesimama saa 14, halafu anashika usukani.

Zamani, kwa kuwa gari lilikuwa la familia, baba watoto alikimbiza kulirudisha ili asubuhi liwapeleke watoto shule. Sasa tumekubaliana: kazi ikipita saa sita usiku na iko nje ya mji, analala hukohuko, na gharama ya kulala inaandikwa kwenye bei kama ya mafuta. Prodyuza mmoja alikataa. Tulikosa kazi ile, na mwezi huo ada tulilipa kwa awamu.

Noah tuliiuza. Hela yake ilijaza pengo la ada, ikabaki ya wavu, mikanda na bima ya vifaa. TownAce inaondoka uani alfajiri, na mimi na watoto tunatembea mpaka kituoni kupanda daladala. Mkubwa alilalamika wiki nzima kwamba tumerudi nyuma kimaisha. Mama mkwe aliuliza kwenye simu ni gari gani hilo lisilofika kwake Jumapili.

Mdogo hakulalamika. Alikuwepo siku tunafunga wavu, akagonga chuma kwa kiganja, akamuuliza baba yake kama stendi inaweza kupita hapo. Baba yake akachukua stendi ileile ya Kerege, akaisukuma kwenye wavu kwa nguvu zake zote, mara tatu, mtoto akiangalia.

"Haipiti," akamwambia.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwa bibi yao kwa daladala, wanne, tumebanana kiti kimoja. Baba watoto alisinzia njia nzima.